Mstari wa kukatia mkopo ni wa nani kuuchora?

Jioni nikishatoka kazini nasoma kwa mtandao kozi ya uongozi na usimamizi wa akili mnemba katika biashara. Mchana ni meneja wa SACCOS hapa Moshi. Wanachama wetu ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa Mbuyuni na Kiboriloni, na wakulima wa kahawa na ndizi wa vijiji vya juu. Wengi wakisikia ninachosoma hudhani najifunza kutengeneza programu. Sijatengeneza hata moja, na kozi haikunitaka nifanye hivyo. Tunasoma lile ambalo mameneja wengi tunalikwepa kwa kudhani ni la mafundi: nani anaamua mashine ifanye kazi gani, ipimwe kwa kipimo gani, na ikikosea nani atasimama mbele ya mwanachama kujibu.

Naandika kwa sababu jambo moja limenikaa moyoni na naona vyama vingi vinakaribia kulipita bila kuliona. Kila mfumo wa kupima wakopaji una mstari. Aliye juu ya mstari anapata mkopo, aliye chini anakosa. Hesabu inaweza kumpa kila mtu alama yake, lakini mahali pa kuuchora mstari panachaguliwa na binadamu. Katika chama cha ushirika, binadamu huyo hawezi kuwa muuzaji wa mfumo.

Kampuni moja ilituletea mfumo wa aina hiyo. Kijana aliyekuja alikuwa na adabu na amejiandaa vizuri. Akasema mfumo wao una usahihi wa asilimia 95. Wajumbe wa bodi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana 95 ni alama ya mtoto aliyefaulu. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma moduli ya vipimo, nikaomba karatasi.

Chukua wakopaji 1,000. Tuseme 950 watalipa na 50 watashindwa. Sasa tengeneza mfumo usiojua chochote, unaomwambia ndiyo kila anayeomba. Utapatia mara 950 na kukosea mara 50. Usahihi wake ni asilimia 95, na haujamtambua hata mkopaji mmoja mbaya. Nikamwuliza kijana: katika wale 50, mfumo wenu unawatambua wangapi? Na katika wale 950 wazuri, unawakataa wangapi? Akasema atarudi na majibu. Simlaumu. Nadhani sisi wanunuzi ndio hatujazoea kuuliza.

Uongozi unaanzia kwenye maswali hayo mawili, kwa kuwa makosa hayo hayana bei moja. Mkopo wa shilingi 2,000,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, unaleta riba ya shilingi 195,000 mkopaji akipunguza deni kwa kiasi sawa kila mwezi. Mkopo huohuo ukipotea wote, umepoteza shilingi 2,000,000. Yaani mkopo mmoja uliokufa unakula riba ya mikopo mizuri kumi. Ukiiachia hesabu hiyo peke yake, mashine itakushauri uwanyime hata watu wazuri tisa ili umkwepe mbaya mmoja.

Kwa taasisi yenye wateja wa kupita, huenda hilo likawa jibu. Kwetu halitoshi. Kwanza, kwenye SACCOS ni mara chache mkopo kupotea wote, kwa kuwa kuna akiba na kuna wadhamini. Pili, yule unayemnyima ni mwenye chama. Ana hisa. Ameweka akiba mwezi baada ya mwezi kwa ahadi kwamba akihitaji ataweza kukopa hadi mara tatu ya akiba hiyo. Mnyime bila sababu anayoielewa, ataanza kuulizia utaratibu wa kujitoa, na shida iliyomleta kwako ataipeleka kwa watu wa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nina wanachama waliopitia mikopo ya namna hiyo. Wamenieleza jinsi wakwe na mashemeji zao walivyopigiwa simu za kudhalilishwa kwa deni ambalo hawakulijua. Gharama ya kumsukuma mtu huko haimo katika data ya muuzaji yeyote. Bodi inaijua, wanachama wanaijua, kwa hiyo wao ndio wanaostahili kusema mstari ukae wapi.

Kuna suala la data yenyewe pia, na hapa nitakaa kidogo.

Mfumo ule ulitaka kusoma miamala ya simu. Wazo hilo limeshazoeleka kwetu: huduma ya akiba na mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Kenya mwaka 2012, ya M-Pawa ikaja Tanzania mwaka 2014, zote zikitegemea kwamba matumizi ya mtu ya simu na pesa za simu yanaeleza kitu kuhusu atakavyolipa. Yanaeleza kweli. Swali langu ni yanamweleza nani. Mwalimu mshahara wake unaingia kila mwezi na makato yanakwenda moja kwa moja, kwa hiyo mbele ya mashine anang'aa. Mkulima wa kahawa wa Kibosho pesa yake kubwa inaingia baada ya kahawa kuuzwa, halafu simu yake inakaa kimya miezi mingi ingawa mgomba upo, ng'ombe yupo na mwakani kahawa itachumwa tena. Mama anayeuza nafaka Mbuyuni anapokea malipo kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la mumewe. Kwa mashine, biashara hiyo ni ya mume, na mama hana kipato.

Na kuna watu wasiomo kabisa. Kumbukumbu za marejesho tulizonazo ni za wale tuliowakopesha tu. Waliokataliwa na kamati za zamani hatujui wangelipa au wasingelipa. Huku Uchaggani, kwa desturi, kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kinarithiwa na mtoto wa kiume. Kamati iliyokuwa ikitaka dhamana ya ardhi iliwaacha nje wanawake wengi waliokuwa na uwezo wa kulipa, hata kama hakuna mjumbe aliyewahi kutamka kwamba wanawake wasipewe. Mashine ikifundishwa kwa kumbukumbu hizo itaurithi uamuzi ule na kuurudia kwa kila mwombaji. Mjumbe wa kamati unaweza kumvuta pembeni ukamwambia, mzee, mbona huyu mama tunamjua? Mashine haina pembeni pa kuvutiwa, labda mtu awe amepaandaa mapema.

Darasani kisa tulichokijadili kwa urefu kuliko vyote ni cha Zillow. Kampuni hii ya Marekani, inayojulikana kwa kutangaza nyumba, ilianza mwaka 2018 kununua nyumba yenyewe kwa kutegemea makadirio ya kompyuta, ikizikarabati na kuziuza tena. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake. Katika robo ya tatu ya mwaka ule peke yake ilishusha thamani ya nyumba ilizokuwa nazo kwa takriban dola milioni 304, kwa kuwa ilikuwa imezinunua kwa bei ya juu kuliko ilivyotarajia kuziuza. Mkurugenzi mkuu wake, Rich Barton, alieleza kwamba ugumu wa kutabiri bei za nyumba ulizidi walivyokuwa wametarajia.

Mwenzetu anayefanya kazi ya bima Nairobi akasema basi modeli ndiyo iliyoshindwa. Mhadhiri akamwuliza: na nani aliamua zinunuliwe nyumba ngapi? Darasa likabadilika hapo. Kukadiria bei ya nyumba ni kazi moja. Kuamua kununua maelfu kwa miezi mitatu, soko likiwa limevurugwa na janga la UVIKO, kabla hujaona kama makadirio yanashikilia, ni kazi nyingine, nayo ni ya watu wenye vyeo. Mshindani wao Opendoor alikuwa katika biashara ileile, kwenye soko lilelile, na hakuifunga. Tangu siku ile nikisoma habari kwamba akili mnemba imesababisha hasara mahali fulani, natafuta kwanza aliyeidhinisha itumike kwa kiwango kile.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu ya kila siku ni tafiti mbili zinazoonekana kupingana.

Ya kwanza ilifanyika hapa jirani. Watafiti waliwachukua wafanyabiashara wadogo 640 wa Kenya, baadhi wakapewa mshauri wa biashara anayeendeshwa na GPT-4, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, kwenye WhatsApp, wengine wakapewa mwongozo wa kawaida wa kusoma. Kwa wastani mshauri yule hakuleta tofauti ya kuonekana. Walipowagawa ndipo picha ikatokea: waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, biashara zao zilipanda kwa karibu asilimia 15, na za waliokuwa dhaifu zilishuka kwa karibu asilimia 8. Ushauri uleule ulimwinua mmoja na kumshusha mwingine.

Ya pili ni ya Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond, iliyotoka mwaka 2023, kuhusu wahudumu zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu waliokuwa wakiwajibu wateja kwa msaada wa mashine inayopendekeza majibu. Tija ilipanda kwa asilimia 14 kwa wastani. Wageni wa kazi walipanda kwa karibu theluthi. Wazoefu hawakupata faida ya maana.

Kwa hiyo mahali pamoja mnyonge alisaidiwa zaidi, mahali pengine akaumia. Nilikaa na jambo hili muda mrefu, na hivi ndivyo ninavyolielewa. Kule kwa wahudumu, mashine ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya kampuni ileile, yakiwemo ya wahudumu wake hodari, na ilikuwa ikijibu maswali ya aina inayojirudia. Mgeni alipewa uzoefu wa wakubwa zake. Kule Kenya kila mtu aliuliza alichotaka, akapewa mapendekezo mengi yanayosikika vizuri, kisha akaachwa achague mwenyewe la kutekeleza. Kuchagua ndiko kuliko na kazi. Punguza bei, tangaza zaidi: ushauri wa namna hiyo haumkosei mtu kwa maneno, lakini kwa mwenye faida nyembamba kupunguza bei ni kujimaliza.

Ofisini tuna afisa mikopo kijana, mwenye bidii, anayeandika uchambuzi wake kwa msaada wa programu ya gumzo. Maandishi yake yamenyooka kuliko ya mtu yeyote ofisini. Tuna pia afisa wa siku nyingi, mama aliyebakiza muda mfupi kustaafu, ambaye uchambuzi wake ni nusu ukurasa kwa mkono. Mikopo chechefu ya mama huyu, yaani isiyolipwa inavyotakiwa, ni michache kuliko ya yeyote. Kabla ya tafiti zile, mpango wangu ulikuwa kununua leseni za programu kwa wote na kuwapeleka semina. Sasa nimegeuza. Kwanza tumekaa na mama, mwombaji mmoja baada ya mwingine, tukaandika maswali anayouliza. Mfanyabiashara wa ndizi anayepeleka mzigo Dar, hamwulizi faida yake ni kiasi gani. Anamwuliza: "Gari likiharibika Segera na ndizi zikaanza kuiva, hasara anabeba nani?" Anayejibu haraka, kwa majina na kwa mifano, amewahi kuipata hasara hiyo na akaivuka. Anayeduwaa bado hajaijua biashara. Mkulima anamwuliza kahawa ya msimu uliopita aliipeleka wapi na stakabadhi iko wapi. Mwalimu anamwuliza ana mikopo mingapi mingine inayokatwa kwenye mshahara, kisha anaomba aione hati ya mshahara wa mwezi huu na si wa mwaka jana.

Hayo ndiyo tunayotaka mashine imkumbushe kijana. Ujuzi huo upo kichwani mwa mtu mmoja anayekaribia kuondoka, na hakuna kampuni ya nje inayoweza kutuuzia.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi kwa kuwa iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu ulinzi dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Kenya wanayo haki kama hiyo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ulaya, sheria yao ya akili mnemba inaiweka kazi ya kupima uwezo wa mtu kukopa katika kundi la hatari kubwa. Na anayedhani anaweza kuisukumia mashine lawama asome kesi ya Air Canada ya Februari 2024. Chatiboti ya shirika hilo ilimwambia msafiri aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari. Haukuwa utaratibu wa shirika. Baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, liliona kwamba utetezi wa shirika ulikuwa sawa na kusema chatiboti inajibu kivyake, likaukataa, na shirika likatakiwa kulipa. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada. Kanuni iliyobaki ni kubwa.

Nilipoyapeleka haya kwenye bodi, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza: "Meneja, mama akikataliwa na hii kompyuta, aje kwa nani?"

Nikamjibu: "Aje kwangu, Mzee."

"Basi liandike hilo. Na siku ukihama?"

Swali lake la pili ndilo lililotupa rasimu. Tumeandika kwamba mstari wa kukatia utakuwa ndani ya sera ya mikopo, na kuubadilisha kutapitia njia ileile ya kubadilisha sera, yaani hadi mkutano mkuu. Anayekataliwa atapewa sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, imesainiwa na afisa kwa jina lake, na anaweza kukata rufaa kwenye kamati ya mikopo, ambayo itamwona ana kwa ana. Kila robo mwaka meneja, awe mimi au mwingine, ataonyesha waliokubaliwa na waliokataliwa kwa makundi: wanawake na wanaume, wakulima, wafanyabiashara na wenye mishahara. Mjumbe mmoja aliona hilo la mwisho ni kujitafutia matatizo. Nilimwambia matatizo yatakuwepo tukiyaandika au tusipoyaandika, ila tukiyaandika tutayaona sisi kabla ya mkaguzi.

Kabla ya kutumia lolote tutalijaribu kimya kimya. Mfumo utatoa maoni yake, kamati itaamua bila kuyaona, na baadaye tutalinganisha. Kijana wa kampuni alipendekeza majaribio ya miezi mitatu. Tumekataa. Miezi mitatu haifiki kwenye msimu wa kahawa, na kama mashine itakosea kwa wakulima, itakosea katika miezi ile ya ukimya ambayo jaribio fupi linaweza lisiiguse. Tunataka mzunguko mzima, kuanzia pembejeo hadi malipo.

Nina lalamiko moja kuhusu kozi zenyewe. Mifano yake karibu yote inadhani una idara ya data, mwanasheria wa ndani na bajeti ya majaribio. Sisi tuna mtu mmoja wa TEHAMA. Mwongozo ulionifaa zaidi ni ule wa kusimamia hatari za akili mnemba wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa Januari 2023, unaopatikana bure, kwa sababu unaweza kuuvunja ukawa maswali ya kumwuliza muuzaji: nani anasimamia, unatumika wapi na kwa nani, unapimwaje, na ukiharibika mnafanya nini. Natamani vyuo vyetu vya ushirika viandae mafunzo kama haya kwa mifano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na ya SACCOS. Meneja anayeitwa kusaini mkataba wa mfumo anahitaji kumwona mkulima wa Rombo kwenye mfano, sio tu kampuni ya California.

Sasa nimekwama kwenye mkataba. Rasimu ya kampuni inairuhusu "kuboresha mfumo wakati wowote". Kwa maneno hayo, mwanachama aliyekuwa juu ya mstari jana anaweza kuwa chini yake leo, bila bodi wala mkutano mkuu kujua kilichobadilika. Nataka kifungu kinachowalazimisha watupe taarifa kabla ya kubadilisha modeli, waturuhusu kuipima upya kwa waombaji wetu wa zamani, na tukikataa toleo jipya tubaki na lile la awali kwa muda tutakaokubaliana. Nataka pia tukiondoka tuondoke na data yetu, na wao wasibaki nayo. Mwanasheria tuliyemwomba msaada anasema hajawahi kuandika kifungu cha namna hiyo. Kama chama chenu kimeshasaini mkataba wenye maneno hayo, hata kama mlivutana sana kuyapata, naomba mnitumie kifungu hicho. Futeni jina la kampuni, nahitaji maneno tu. Bodi inakaa mwisho wa mwezi ujao.